Habari za Girl Guides, na Jinsi Mpango Wao Ufaavyo Nchi ya Karatu na Ngorongoro

Katika kitabu hiki cha Jubilei msomaji atakuta habari nyingi za makanisa yaliyojengwa, shule zilizofunguliwa na hospitali zilizowekwa. Habari kama hizo huandikika kwa urahisi, maana jengo huwa na jiwe la msingi, na jiwe huwa na tarehe. Lakini iko kazi nyingine isiyo na jiwe, nayo ni kazi ya kuwakusanya mabinti na kuwafundisha kuongozana wao kwa wao. Kwa hiyo tumeonelea vema kuandika habari za chama cha wasichana kiitwacho Girl Guides: kilianzaje, kilifikaje Tanganyika, kimepangwaje, na mpango wake wafaaje katika nchi pana kama hii yetu. Twawaandikia walimu, na pamoja nao wazazi wa parokia zetu, kwa kuwa mwalimu peke yake hawezi kumlea binti ambaye nyumbani kwao hawajui anachofundishwa.

1. Mwanzo wake

Mwaka 1907 Robert Baden-Powell, jemadari wa Kiingereza, aliwachukua wavulana wachache kupiga kambi katika kisiwa kidogo cha Brownsea. Aliwagawa katika vikosi vinne, na kila kikosi akakipa kiongozi, mvulana kama wao. Hii ilikuwa ndiyo siri ya kazi yake yote. Mwaka 1908 akatoa kitabu cha kuwafundisha wavulana kazi za skauti, nacho kikaenea upesi sana.

Kitabu kile kiliandikwa kwa ajili ya wavulana, walakini dada zao walikisoma pia. Hakuna aliyewaita, wala hapakuwa na chama cha kuwaandikisha. Wakajigawa wenyewe katika vikosi, wakajitengenezea mavazi kwa vitu walivyokuwa navyo, wakaanza kujifunza kupika nje, kufunga majeraha na kufuata nyayo. Mwezi wa Septemba mwaka 1909 skauti wavulana wapatao 11,000 walikusanyika Crystal Palace, London, na katikati yao wakatokea wasichana wachache, wakataka wahesabiwe nao. Watu wengine wa siku zile waliona ni aibu. Lakini mwaka 1910 chama cha wasichana kikaundwa kwa jina la Girl Guides, na Agnes Baden-Powell, dada wa yule jemadari, akawa mkuu wake wa kwanza.

Tunawaomba wasomaji waliweke neno hili moyoni, maana yote tutakayoyasema baadaye yanalitegemea: kikosi kilitangulia, chama kikafuata. Wasichana walikuwa wamekwisha kuongozana kabla wakubwa hawajawapa kiongozi.

2. Jinsi jimbo zima lilivyopangwa

Wasichana walipozidi kuwa wengi, ikawa shida kuwatunza. Mji mmoja ulikuwa na makundi mengi, na vijiji kumi vya jirani havikuwa na hata moja. Mwaka 1916 Olave, mkewe Baden-Powell, aliyekuwa na umri wa miaka 27, aliwekwa kuwa kamishna wa Sussex, jimbo la mashamba na vijiji kusini mwa Uingereza. Kazi yake ilikuwa kutafuta, katika kila sehemu ya jimbo, mwanamke ajulikanaye na watu wa pale, akubali kuyatunza makundi ya jirani yake. Mwaka ule ule akafanywa kamishna mkuu wa nchi nzima, na mwaka 1918 akapewa cheo cha Kiongozi Mkuu.

Mpango uliotumika katika majimbo yale ulikuwa kama ngazi. Chini kabisa pana kikosi cha wasichana sita hadi wanane, na kiongozi wao ni msichana mmoja wao. Vikosi kadhaa hufanya kombania moja, na kombania ina mwanamke mzima aitwaye kapteni. Kombania za jirani hufanya wilaya, na wilaya zikikusanywa hufika hatimaye kwenye jimbo, kila daraja na kamishna wake. Watoto wadogo walipata fungu lao mwaka 1914, na baadaye wakaitwa Brownies. Wakubwa nao wakapata jina la Rangers mwaka 1920.

Tena liko baraza la viongozi, ambalo wageni wengi hawalioni. Viongozi wa vikosi hukaa pamoja na kapteni wao, wakaamua kazi za mwezi ujao, matumizi ya fedha, na shauri la msichana aliyekosa. Kapteni hakai pale kama hakimu. Yeye husikiliza kwanza. Binti wa miaka 13 akiisha kukaa katika baraza la namna hii mwaka mzima, amejifunza neno ambalo halifundishwi ubaoni.

Na msichana akaaye mbali peke yake, asiyeweza kufika mkutanoni? Huyu naye hakuachwa. Waliandikiwa barua, wakajibu kwa barua, na barua zile zikawa ndizo kikosi chao. Tutalirudia jambo hili tukifika kwa mabinti wa wafugaji.

3. Jinsi chama kilivyofika Tanganyika

Katika Kenya chama hiki kilianza mwaka 1920, na katika Tanganyika mwaka 1928, nchi ilipokuwa chini ya Waingereza kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa. Mwaka huo huo wa 1928, huko Parád nchini Hungaria, vyama vya nchi mbalimbali viliungana kuwa Chama cha Ulimwengu cha Girl Guides na Girl Scouts. Baden-Powell mwenyewe alikuja kukaa Nyeri mwaka 1938, akafa huko tarehe 8 Januari 1941, akazikwa huko huko. Mkewe alipofariki mwaka 1977 majivu yake yaliletwa Nyeri, yakawekwa kando ya mumewe.

Lakini hapa kwetu chama hakikuanza kama kilivyoanza Uingereza. Kule wasichana walijikusanya kwanza. Hapa chama kilipita mlango wa shule. Wasichana waliosoma walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa katika shule za misioni, mara nyingi za bweni. Basi mwalimu wa kike ndiye aliyekuwa kapteni, na wanafunzi wake ndio waliokuwa kombania. Tena kwa kuwa shule zenyewe ziligawanywa kwa rangi, Wazungu mbali, Wahindi mbali, Waafrika mbali, mabinti waliokuwa wakitoa ahadi ile ile moja hawakuketi darasa moja.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961 mambo hayo ya rangi yaliondolewa mashuleni, na mwaka 1963 chama cha Tanganyika kikawa mwanachama kamili wa Chama cha Ulimwengu. Makao yake makuu yako Dar es Salaam. Chama si cha kanisa moja: ahadi yake humtaja Mungu na nchi, na kila binti huitoa kwa imani yake, awe Mkristo au Mwislamu. Walakini jambo moja la mwanzo ule limebaki. Hata sasa makundi mengi hukaa shuleni na humtegemea mwalimu mlezi, naye huifanya kazi hii juu ya kazi zake nyingine, bila ujira.

4. Kambi ya Tengeru

Kabla ya kuja Karatu, yafaa tusimame kwanza Tengeru, karibu na Arusha, kama kilomita 150 kutoka Karatu, maana pale iko habari inayotufunza sana.

Katika miaka ya 1940 na 1941 watu wengi wa Poland walichukuliwa kwa nguvu kutoka kwao wakapelekwa Siberia na Kazakhstan. Walipofunguliwa, walitoka kwa njia ya Uajemi, na tangu mwaka 1942 maelfu yao waliletwa Afrika ya Mashariki. Kambi kubwa iliwekwa Tengeru, nayo ilikaliwa na watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Wengi walikuwa wamefiwa njiani, na watoto wengine walifika bila baba wala mama. Makaburi yao yapo Tengeru hata leo, yakitunzwa.

Watoto hao, wavulana kwa wasichana, walikuwa na vikosi vyao vya skauti. Hawakuwa na nchi, wala hawakujua kama wataiona tena. Lakini walikuwa na kikosi, na kiongozi wao alikuwa binti kama wao, aliyeyaona mateso yale yale. Chama chenye ofisi na makamishna huweza kuvunjwa siku moja vita ikija. Kikosi cha wasichana saba hakihitaji ofisi. Huhama pamoja na watu wake, na mahali popote wafikapo hukusanyika chini ya mti kikaendelea.

5. Nchi ya Karatu na Ngorongoro

Basi sasa tuitazame nchi yetu. Wilaya ya Karatu ilikatwa kutoka Mbulu katika miaka ya 1990, na sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 230,166 ndani yake. Katika Ngorongoro sensa hiyo ilihesabu watu 174,278, katika nchi iliyo kubwa zaidi. Barabara ya lami hutoka Makuyuni, hupita Mto wa Mbu na Karatu, na hufika lango la Ngorongoro. Ukipita lango, mambo hubadilika. Njia ya kwenda Endulen, Nainokanoka au Loliondo ni safari ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika.

Watu nao ni wengi kwa namna zao. Wairaqw hulima miteremko ya Karatu, na nyumba zao zimetawanyika kila moja katika shamba lake. Wadatoga huchunga ng'ombe kuelekea Ziwa Eyasi, na huko huko wako Wahadzabe waishio kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Wamasai wako nyanda za juu na tambarare za Ngorongoro, na Wasonjo hulima kwa mifereji upande wa Samunge na Digodigo. Lugha zao si za ukoo mmoja, hata darasa moja la Mang'ola huweza kuwa na mabinti wa lugha tatu wasioelewana ila kwa Kiswahili.

Yafaa tukumbuke pia desturi za zamani. Kwa Wamasai mvulana huingia rika, rika hupewa jina, na wenzi wa rika huwa ndugu mpaka uzeeni. Binti hana rika lake mwenyewe la namna hiyo. Kwa Wairaqw palikuwa na marmo, ambamo mabinti walikaa pamoja faraghani wakifundishwa na wanawake wazima. Desturi hiyo ilikoma siku za Waingereza. Hatusemi irudishwe. Twasema tu kwamba ilipokoma iliacha mahali patupu. Kijana wa kiume ana wenziwe wa kumtetea. Binti wa miaka 13 akiamriwa jambo zito mara nyingi husimama peke yake.

Jambo zito lenyewe twalijua sote. Sheria ya elimu ilipobadilishwa mwaka 2016 iliweka kifungo cha miaka 30 kwa mtu amwoaye mwanafunzi. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha hukumu iliyosema kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vimruhusuvyo msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinapingana na Katiba. Mwezi wa Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba msichana aliyeacha shule kwa kuzaa aweza kurudi masomoni. Hayo yote ni mema. Lakini sheria haina miguu. Haitembei kutoka mjini kwenda bomani usiku kuuliza kwa nini binti fulani hakuja shule leo. Wenye miguu ya kufika huko ni wenzake.

6. Mpango ufaao nchi hii

Kutokana na hayo twaona kwamba katika Karatu na Ngorongoro ngazi ile ya Sussex haina budi kujengwa kuanzia chini. Kamishna wa wilaya ni wa lazima, kwa maana ndiye aandikishaye makundi, awafundishaye walezi na kupeleka habari mkoani. Lakini yeye hawezi kufika Kakesio kila mwezi. Kikosi kipo kila siku.

Katika shule ya kutwa, kama nyingi za Karatu zilivyo, vikosi visigawanywe kwa darasa, bali kwa njia. Wasichana wapitao njia moja kurudi nyumbani na wawe kikosi kimoja, mkubwa awaongoze wadogo. Faida ya kwanza yaonekana upesi: katika vijiji vilivyo karibu na msitu wa Ngorongoro tembo na nyati hushuka mashambani, na si vema mtoto apite peke yake alfajiri. Faida ya pili ni kubwa kuliko hiyo. Daftari la mahudhurio huonyesha mwisho wa juma kwamba binti amekosa siku tano. Kikosi cha njia hujua asubuhi ya kwanza. Hujua pia kama ni homa, au ni maji yaliyo mbali, au ni wageni waliokuja jana na ng'ombe wa mahari. Kiongozi wa kikosi humwambia mlezi, mlezi humwambia mwalimu mkuu, na wazee wa parokia huweza kufika kwa wazazi na kuzungumza nao kwa heshima kabla jambo halijafungwa. Wala kiongozi asiachwe alibebe neno hili mwenyewe mbele ya watu wazima: kazi yake ni kuona na kusema, na kazi ya wakubwa ni kwenda.

Katika shule ya bweni kikosi ni cha bweni. Hapa watoto hutoka mbali, na likizo ndiyo hatari, kwa sababu wengine hawarudi. Wasichana watokao upande mmoja wajulikane kwa majina kabla ya kufunga shule, wakubaliane siku ya kurudi na mahali pa kukutana njiani. Tunao mfano wa karibu unaoonyesha thamani ya bweni: shule ya sekondari ya Maasae Girls, iliyofunguliwa na Kanisa la Kilutheri huko Monduli mwaka 1995, ilianzishwa makusudi kwa mabinti wa wafugaji, kwa kuwa umbali na ndoa za mapema ziliwazuia kusoma.

Binti afuataye mifugo wakati wa kiangazi ni kama wale wasichana wa barua tuliowataja. Siku hizi simu ya baba au ya kaka yaweza kufanya kazi ya barua. Ujumbe mfupi kutoka kwa kiongozi wa kikosi kila juma humwambia kwamba mahali pake bado pako. Na familia zihamapo kabisa, kama zile zilizoanza kutoka Ngorongoro kwenda Msomera wilayani Handeni mwezi wa Juni 2022, mlezi ampe kila binti barua ya kumtambulisha kwa mwalimu wa kule, ikieleza yeye ni nani na alifika daraja gani, ili aanze palipokomea.

Juu ya mavazi, tusiwatwishe wazazi mzigo. Wale wa mwaka 1909 walivaa walichoweza kujishonea. Skafu moja ya kitambaa yatosha kuanza, na binti asiye nayo asizuiwe. Vilevile mafunzo yatoke katika nchi yenyewe. Binti wa Kihadzabe ajuaye mizizi na nyayo za wanyama ana mengi ya kuwafundisha wenziwe wa mjini, na binti wa Kisonjo ajua zamu za maji ya mfereji kuliko kitabu chochote. Siku kikosi kimoja kikiwa na hao wote, hapo tutakuwa tumepata darasa jema sana.

7. Neno la mwisho kwa walimu

Tumeona mara nyingi jinsi kundi lifavyo. Mwalimu mwenye bidii huja shuleni, hukusanya wasichana, huwafundisha nyimbo na gwaride, nao hupendeza siku ya sherehe. Kisha hupata uhamisho. Mwezi wa pili hakuna tena mkutano, na mwaka wa pili hakuna akumbukaye. Watu husema wasichana hawakuwa na moyo. Sisi twaona sivyo. Sababu ni kwamba yule mwalimu, kwa wema wake, alifanya yote mwenyewe: alipanga yeye, akahesabu fedha yeye, akaamua yeye. Viongozi wa vikosi walikuwa na vyeo vya kushonwa begani tu.

Basi twawasihi walimu wafanye kazi yao kama watu watakaohama kesho, maana ndivyo ilivyo. Baraza la viongozi likae, hata kama lina mabinti watatu tu. Daftari la kombania liandikwe na msichana, lihifadhiwe shuleni. Kila kiongozi awe na msaidizi wa darasa la chini yake, ili anapomaliza shule pasiwe na pengo. Mlezi wa pili atafutwe katika kijiji, mama asiye mtumishi wa Serikali wala wa misioni, ambaye hatahamishwa na mtu.

Chama cha Ulimwengu kina wasichana wapatao milioni 10 katika nchi zaidi ya 150, nao hukumbukana kila mwaka tarehe 22 Februari, siku aliyozaliwa Baden-Powell na mkewe pia. Hesabu hiyo ni kubwa, lakini imejengwa kwa vikosi vya watu sita, saba, wanane. Parokia isiyo na fedha ya kujenga bweni, wala gari la kumpeleka kamishna Loliondo, haikosi wasichana saba wapitao njia moja kwenda shule. Mwalimu na awaulize majina yao, awaache wachague kiongozi, kisha asikilize watakalosema.